Kigari kidogo, upepo mwingi

Wadau wa Dar mnaounda handaki la upepo (njia ya kupulizia hewa modeli ya gari ili kupima inavyopita) kwa plaiwudi, anzeni na skeli, maana hapo ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Ukipunguza ukubwa wa gari, kasi ya upepo lazima ipande kwa uwiano uleule ili namba ya Reynolds (kipimo cha jinsi hewa inavyotiririka, kinachotegemea kasi na ukubwa wa kitu) isibadilike. Timu za Formula 1 zinaruhusiwa modeli ya asilimia 60 na upepo wa mita 50 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na gari halisi likienda kilomita 108 tu kwa saa! Sasa modeli ya 1:10 kwenye upepo wa mita 20 kwa sekunde ni gari la kilomita 7 kwa saa, mwendo wa foleni ya Ubungo. Kwa mwendo huo hewa inabanduka mapema kwenye bawa la gari, unaona bawa bovu kumbe ni zima. Bandika ukanda mwembamba wa msasa karibu na ukingo wake wa mbele; hewa ikivurugwa kidogo pale, hung'ang'ania bawa zaidi.

Chumba cha kupimia cha sm 50 kwa 50 kisibebe modeli ambayo uso wake unaokabili upepo unazidi sm 125 za mraba, yaani asilimia 5 ya uwazi wa chumba. Ikizidi, hewa inabanwa pembeni na ukinzani unasomeka mkubwa kuliko ulivyo. Feni ikae nyuma, ivute. Mbele panga mirija ya soda ya mm 6, iliyokatwa sm 4 hadi 5, inyooshe hewa.

Halafu joto, tafadhali. Kwa nyuzi 24 asubuhi mita moja ya ujazo ya hewa ni kilo 1.19 hivi, mchana kwa nyuzi 32 ni 1.16. Hewa nyepesi husukuma kidogo, kwa hiyo usipokokotoa upya, utalisifia bawa jipya kwa kazi ya jua.