Duara nililolichora pahala sipo

Wodi imelala, mie sina raha. Harusi ya mdogo wangu imepita salama, barua ya uhamisho wa Unguja imetoka (hiyo siku nyengine), lakini kinachonikereketa ni kicheko changu mwenyewe cha Jumanne.

Kuna bibi mmoja wa kiharusi, alikuwa aruhusiwe. Nikachukua karatasi nichore ukoo kama tulivyofundishwa, mraba mwanamme, duara mwanamke. Ni mfano wa Calgary wa kuijua familia ya mgonjwa, umetoka Kanada: hata kwa dakika 15 ujue nyumbani yumo nani na nani anamtegemea nani. Wiki nzima nilikuwa nikimuelekeza bintiye, yule anayekuja na chupa ya chai saa ya kuona wagonjwa: mgeuze kila baada ya saa mbili asifanye vidonda, mlishe amekaa kitako, usimlaze mpaka nusu saa ipite. Anaitikia, jicho kwenye simu. Na huyu anayelala mkekani chini ya kitanda, anayefua kanga alfajiri, nilishamchora: duara chini, mtoto.

"Mama, wewe mwanawe wa ngapi?"

"Mimi si mwanawe. Huyu mke mwenzangu."

Nikacheka. Nina msimamo wangu kwenye hayo mambo ya wake wenza, lakini wallahi sikukusudia, kilinitoka tu.

"Unacheka nini, mwanangu? Miaka 22 tunateka maji kisima kimoja. Huyo unayemfundisha kugeuza anakaa Mkoani kwa mumewe."

Unacheka nini, mwanangu. Nikikuna nazi nayasikia. Kwenye daladala ya Chake nayasikia. Angenifokea ingekuwa nafuu.

Nikalikwaruza lile duara, nikalichora juu, ubavuni mwa marehemu mume wao. Kisha nikakaa naye mkekani, nikamuuliza lile swali ambalo siku zote niliona ni la darasani tu: ningeweza kukujibu jambo moja tu, ungeniuliza lipi? Nilidhani ataniuliza dawa.

"Akinifia mikononi, wanawe watasema nimemuua mimi?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikawangoja wanawe, nikamwomba amgeuze mgonjwa mbele yao. Kumbe ana ufundi wake, anakunja kanga anaiegesha mgongoni, mie mwenyewe sikuwa naujua. Nikawaambia: siku kumi na moja kitandani na mgongo hauna hata doa, kazi ya huyu. Mtoto mkubwa, ambaye siku zote akimwita "huyu", akasema, "Mama mdogo, godoro nitalileta mimi kesho."

Na kalileta! Jamani, nilifurahi hata nikasahau kusaini daftari la dawa, sista kanisema, nikasema naam sista, nacheka tu.

Sasa saa nane za usiku, bati limeanza kupiga manyunyu. Mama yangu yuko peke yake nyumbani na mgongo wake ule, simu hapokei, na sijui kama karafuu kaziingiza ndani.