Pesa za kuokoa mashirika ya ndege zilifika kwa nani?

Mtu akiniambia serikali zilikosea kuyapa mashirika ya ndege mabilioni wakati wa korona namwelewa kabisa hasira zake, lakini sikubaliani naye. Mi naona kusaidiwa ilikuwa lazima, ninachobishia ni pesa zilipitia wapi na zikafika kwa nani, maana kuna watu walisahaulika vibaya sana.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 2020 safari za abiria duniani zilishuka karibu 66% ukilinganisha na 2019, na hii sio biashara ya kufunga mlango ukasubiri mambo yatulie. Ndege ya kukodi inalipiwa hata kama haijaruka, benki inataka chake, maegesho yanalipiwa, na ndege yenyewe ukishaipaki ndo kwanza kazi inaanza. Mafundi wanafunika injini, wanaziba vile vimirija vidogo vya nje vinavyopima kasi ili wadudu wasijenge humo, wanazungusha matairi yasibonyee upande mmoja, wanaangalia betri, yaani hivyo hivyo wiki hadi wiki. Kimirija kikiziba rubani anajikuta yuko kwenye njia ya kurukia na kipimo cha kasi kinamdanganya, na hili sio la kufikirika, Agosti 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilitoa tahadhari kwa sababu taarifa za namna hiyo zilikuwa zinaongezeka kwa ndege zilizotoka kulala. Rubani naye, sheria inamtaka awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90, la sivyo habebi abiria mpaka ajinoe tena, mara nyingi kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege.

Kwa hiyo ukiacha shirika lianguke hupotezi jina na rangi ya mkia tu, unapoteza watu ambao kuwapata tena ni miaka.

Halafu kuna mizigo. Kabla ya korona karibu nusu ya mizigo ya anga ilikuwa inasafiri kwenye tumbo la ndege za abiria, so zilipolala na nafasi ya barakoa na dawa ikapotea, bei za kago zikapaa. Ethiopian Airlines waliona hilo mapema, wakang'oa viti kwenye ndege za abiria wakajaza mizigo na wakavuka bila kubebwa na serikali yao, na kwa kweli nawavulia kofia, ila sio kila shirika lilikuwa na soko la kago la kulikimbilia.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Ujerumani iliandaa euro bilioni 9 kwa Lufthansa lakini ikachukua 20% ya hisa, ikazuia gawio, na 2022 ikamaliza kuuza hisa zake kwa faida. Ufaransa ikaiambia Air France iache safari fupi za ndani pale ambapo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Hivyo ndivyo napenda, unapewa lakini kuna kitu unatoa.

Marekani walifanya kitu ambacho mi nakiona kizuri zaidi kwa wazo, Machi 2020 walitenga dola bilioni 25 za mishahara kwa mashirika ya abiria, kwa sharti kwamba hakuna kupunguza watu kwa lazima mpaka 30 Septemba. Tatizo muda ulipoisha, 1 Oktoba zaidi ya watu 30,000 wakawekwa nje, na msaada wa pili ukaja Desemba. Na wakati huo huo mashirika yalikuwa yanawashawishi marubani wazoefu wastaafu mapema kwa hiari, sharti halikuvunjwa lakini watu walishaondoka, usafiri uliporudi wakaanza kuhangaika kutafuta marubani.

Linaloniuma zaidi ni wale wa chini. Anayepiga magoti ndani ya tumbo la ndege kufunga wavu wa mizigo, anayesafisha kabini, anayepika chakula cha abiria, wengi wao hawaajiriwi na shirika bali na kampuni za kandarasi. Huko huko Marekani zilitengwa dola bilioni 3 za mishahara yao, na bado kuna kampuni za kandarasi ziliachisha maelfu ya watu kwanza halafu ndo zikachukua hela, kwa sababu sheria haikuwaambia warudisheni! Msaada wa mshahara usiposema unahesabu wafanyakazi kuanzia tarehe gani, mwajiri atachagua tarehe inayomfaa yeye. Ulaya nako, kiangazi cha 2022 uwanja wa Heathrow wa London wakaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku na uwanja wa Schiphol wa Amsterdam foleni zikatoka nje ya jengo, watu wa mizigo na ukaguzi walikuwa wameshapata kazi nyingine, na nani angerudi kwa mshahara ule ule?

Abiria naye alikopesha bila kuombwa. Safari imefutwa, sheria inasema arudishiwe hela, yeye anapewa vocha na ahadi. Novemba 2022 ndo wizara ya usafirishaji ya Marekani ikatangaza kwamba mashirika 6 yamelipa zaidi ya dola milioni 600 walizokuwa wanadaiwa na abiria, na ni shirika moja tu kati ya hayo lilikuwa la Marekani.