Winelight ikisikika imechoka, usikimbilie kulaumu sahani

Mpiga saksofoni Grover Washington Jr. alirekodi albamu yake Winelight huko New York katikati ya 1980, na kampuni ya Elektra wakaitoa kwenye sahani ya santuri mwaka huo huo, namba 6E-305. Nyimbo sita tu. Upande wa A unachukua kama dakika 19, wa B 20 na kitu, kwa hiyo mifereji haikubanwa. Sahani ikiwa safi na mashine ikiwa sawa, ngoma za Steve Gadd zinagonga kavu na besi ya Marcus Miller inatembea chini bila haraka. Isipokuwa hivyo, kuna kitu, na mara nyingi kitu hicho hakiko kwenye sahani.

Anza na stima. Pleya ya sahani ya soko la Marekani ni ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ambazo stima inapiga wimbi kwa sekunde). Hapa kwetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Mtu ananunua transfoma ya kushusha volti, taa inawaka, sahani inazunguka, anadhani kazi imekwisha. Lakini transfoma haigusi hezi. Kama mota ni ya AC inayofuata hezi za stima, badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika unapata 27.8 hivi. Saksofoni inashuka nusu-sauti tatu na Bill Withers, anayeimba "Just the Two of Us", anazeeka ghafla. Pima kwa simu: wimbo huo kwenye LP, yaani sahani ya albamu nzima, ni dakika 7 na sekunde 20 na ushei. Ikikaribia 9, umeshajua ugonjwa. Usilinganishe na toleo la singo, lile lilikatwa likabaki chini ya dakika 4.

Dawa ni puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda wa raba unaozungusha sahani) ya hezi 50, ambayo ni nene kuliko ya hezi 60 kwa asilimia 20. Fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaweza kukutolea moja, ila umpe kipenyo kilichopimwa kwa kalipa. Usikadirie kwa rula. Nusu milimita ikikosewa kwenye puli ya milimita 10 ni asilimia 5, yaani karibu nusu-sauti nzima, na sikio linakataa. Pleya zenye mota ya DC, isiyofuata hezi, hazina shida hii. Hizo transfoma inazitosha.

Kuna kasoro nyingine inayofanana na hiyo kwa mbali. Sikiliza piano ya umeme mwanzoni mwa "Just the Two of Us", pale noti inapoachwa ining'inie. Ikiyumba juu na chini kila baada ya sekunde 1.8, huo ni mzunguko mmoja kamili wa sahani: tundu la katikati haliko katikati, au sahani imepinda. Ikitetemeka haraka kuliko hapo, shuku mkanda wa raba au puli.

Besi ikipotea kabisa, angalia ulikochomeka waya. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kawaida ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5, ilhali AUX ya woofer ya sebuleni inangoja mamia. Ukiongeza sauti hutapona, kwa sababu wakati wa kukata sahani besi hupunguzwa makusudi na sauti za juu huongezwa, halafu sehemu ya PHONO, yaani tundu la amplifaya lililotengenezwa kwa pleya ya sahani, ndiyo huzirudisha mahali pake. Bila PHONO utasikia matoazi na saksofoni nyembamba kama ya redio ya matatu, Marcus Miller hayupo. Tafuta amplifaya ya zamani yenye PHONO au kisanduku kidogo cha phono. Kukiwa na ngurumo isiyokoma hata sahani ikisimama, ule waya mwembamba wa eathi unaotoka kwenye pleya haujafungwa kwenye skrubu ya GND ya amplifaya.

Sasa usafi. Nakuru inasemekana ilipata jina lake kutokana na neno la Kimaasai la vumbi, na Januari unaliamini. Vumbi hilo ni kali, sindano ikilikanyaga inalisaga ndani ya mfereji. Kisumu adui ni unyevu: kuvu hutanda kama madoa ya kijivu, kwanza kwenye jalada, kisha kwenye sahani. Changanya mililita 800 za maji yaliyochemshwa yakakingwa mvuke (yanauzwa kama maji ya betri, hakikisha si asidi), 200 za alkoholi ya isopropili safi, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Pangusa kwa kitambaa laini kufuata mifereji, usikatize, kisha suuza kwa maji matupu ya aina ile ile. Maji ya kisima yakikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo ndiyo mkwaruzo wako mpya. Spiriti ya hospitali mara nyingi huwa na rangi na mafuta, iache. Na kama una zile sahani nzito za wazee za mizunguko 78 kwa dakika, alkoholi isizikaribie, huziyeyusha.

Wimbo wa mwisho wa upande wa B, "Make Me a Memory", ndio mtihani mkali. Ukingoni mwa sahani mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Ukikaribia lebo inabaki kama nusu ya hapo, mawimbi yale yale yamebanwa mahali padogo. Sindano iliyokwisha, au katriji iliyofungwa upande, itafanya saksofoni ikwaruze pale pale wakati wimbo wa kwanza ulikuwa mtamu. Uzito wa sindano juu ya sahani nao ni muhimu. Katriji kama AT-VM95E inataka gramu 2, na wengi huupunguza wakidhani wanaihurumia sahani. Sindano nyepesi huruka-ruka na kuchubua kuta za mfereji kuliko iliyokaa sawasawa.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwombe muuzaji akuwekee huo wa mwisho kwanza. Ukisikia mkwaruzo na pleya yake huiamini, inamisha sahani chini ya taa utazame mifereji ya karibu na lebo: ikiwa imegeuka kijivu huku ya nje inang'aa nyeusi, hiyo imeliwa, hakuna sabuni itakayoirudisha.