Bata mzinga wa Krismasi na utamu wa mwiku wake

Nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, bata mzinga huliwa mara mbili: kwanza huliwa kwa macho, siku ya Krismasi, akiwa mzima katikati ya meza, kisha huliwa kwa mdomo siku ya pili, akiwa mwiku, yaani kiporo. Mimi ni mtu wa ile mara ya pili, na sioni haya kulisema, ingawa shangazi yangu, ambaye ndiye mwokaji wetu mkuu, huliona hilo kuwa utovu wa adabu.

Ndege huyu ana kasoro ambayo mapambo hayawezi kuificha. Jina la bata ameazima tu, kwani kwa ukoo ni jamaa wa kuku, na kama ilivyo kwa kuku, kidari chake huiva kabla ya mapaja. Basi ukingoja mapaja yaive, kidari kimekwisha kukauka. Shangazi hupambana na hali hiyo kwa kumsugua chumvi, thomu na tangawizi, ndani na nje, tangu usiku wa kuamkia sikukuu, na kumlaza kwenye friji bila kumfunika ili ngozi ikauke. Kumchinja ni kazi ya jirani yetu Mwislamu, kwa kuwa sahani za sikukuu mtaani kwetu haziishii mlangoni, na nyama isiyo halali haiwezi kuvuka ua.

Mwaka mmoja umeme ulikatika saa tano asubuhi, ndege wa kilo 6 akiwa ndani ya oveni kwa muda usiotimia hata saa moja. Tulisubiri kidogo, kisha shangazi akasema, "Mwanangu, lete kisu, uwashe na makaa." Tukamkata vipande, tukavipanga kwenye sufuria pana na kuvipalia makaa juu na chini, tukakiondoa kidari mapema na kuyaacha mapaja yaendelee. Sijawahi kula bata mzinga laini kama yule. Tangu hapo nimekuwa nikiomba tumkate kabla ya kumwoka, lakini hukataliwa kwa sababu ya picha.

Kabla ya kupika mwiku ni lazima mwiku uwe salama, na hapa joto la Mombasa halina huruma. Nyama iliyopikwa haifai kukaa nje zaidi ya muda wa saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, kama linavyozidi mara nyingi mchana wa Desemba, basi saa 1 inatosha. Kwa hiyo wageni wakiwa bado wanazungumza, mimi huwa nimekwisha kuibandua nyama kwenye mifupa na kuitia friji katika vyombo vya kina kifupi, ipoe upesi. Humo hukaa siku 3 au 4, wala si mpaka mwaka mpya kama wafanyavyo wengine.

Mifupa ndiyo hazina. Huichemsha kwa moto mdogo kwa saa 2 na zaidi, pamoja na tangawizi, pilipili manga na kijiti cha mdalasini, na supu hiyo ndiyo huwa maji ya pilau. Kwa vikombe 3 vya mchele wa basmati uliorowekwa nusu saa, natia vikombe 4 na nusu vya supu, baada ya kukaanga vitunguu mpaka viwe hudhurungi kabisa, kwani rangi ya pilau hutoka hapo, halafu thomu, bizari nzima, karafuu na iliki. Nyama haikaangwi na vitunguu kama ilivyo desturi, maana imekwisha kuiva. Huingia mwishoni, maji yakishakaribia kukauka, ikafunikwa na mchele na kupaliwa. Kachumbari na achari ya maembe, ambayo msimu wake huwa umefika, hufanya kazi ambayo Wamarekani huuachia mchuzi wao wa matunda mekundu.

Kidari kikavu dawa yake ni tui. Mchuzi wa kupaka, wenye tui zito, manjano, pilipili na ndimu, hupikwa peke yake mpaka ushike, kisha vipande vya kidari huzamishwa humo vipate moto barabara bila kutokota kwa muda mrefu, vikaliwa na mkate wa mofa. Nyama ndogondogo huchambuliwa ikawa ndani ya katlesi, na kinachobaki huwa sambusa.

Ngozi peke yake haifai kwa lolote kati ya hayo, kwani ikilala friji hunywea kama mpira. Mimi huikata vipande vidogo, nikaikaanga upya kwenye kikaango kikavu mpaka ilie, nikainyunyizia chumvi na pilipili ya unga, na kuila nikiwa nimesimama papo hapo jikoni, kabla watoto hawajaisikia harufu.