Nilivyomwandika Tunu bila kumfanya jiwe

Rasimu ya kwanza ya hadithi yangu ya mapenzi, ya Tunu na Kheri, niliisoma kwa sauti mbele ya dada yangu. Nilipofika pale Kheri anapomshika Tunu mkono kwa mara ya kwanza, dada akacheka. Hakucheka kwa ubaya. "Mdogo wangu," akasema, "huyu msichana wako ni mtu au ni jiwe? Anashikwa mkono na mwanamume anayempenda, yeye anahesabu vigae vya ukutani!"

Nikanyamaza. Vigae vile nilivihesabu mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, siku niliposhikwa mkono. Vilikuwa 72, na viwili vilikuwa na ufa. Mwaka ule wote sikupata siku nyingine niliyoipenda kama ile.

Nilikuwa nimeandika hadithi za mapenzi kwa muda mrefu kabla sijajua kwamba nina usonji (autism), hali ya ubongo kupokea mambo na watu kwa namna tofauti na wengi. Nilikuwa na miaka 34 nilipoambiwa. Mapenzi yenyewe niliyajifunza vitabuni: akikutazama hivi ana maana hii, akinyamaza vile ana maana ile. Nilikariri kama mtu anayekariri ngeli. Kwa hiyo nilipoamua kumwandika mwanamke mwenye usonji anayejifunza kuishi na mwili wake karibu na mwili wa mwingine, nilidhani kazi ni nyepesi, nitajiandika tu. Kumbe maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuazima.

Baada ya kicheko cha dada nilichukua daftari nikaandika kila msemo niliouzoea kwenye matukio ya faragha. "Walitazamana machoni kwa muda mrefu." Mimi nikimtazama mtu machoni ni kama natazama balbu inayowaka, naona mwanga, mtu simwoni. "Alimpapasa taratibu kama unyoya." Hapo Tunu angeruka hadi darini. "Macho yake yalimwambia yote." Yapi? "Moyo ulimdunda." Huu angalau Tunu anaujua, ila hawezi kusema papo hapo kama ni mahaba, woga au njaa. Hali hiyo ya kushindwa kuzitaja hisia zako ina jina, aleksithimia, ambalo daktari wa magonjwa ya akili Peter Sifneos alilitunga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Si kila mwenye usonji anayo, lakini mimi ninayo, na Tunu nikampa.

Nilipomaliza orodha nilikuwa na misemo 41. Niliyoweza kuibakiza ilikuwa sita. Nilijikuta kama fundi aliyekwenda kazini akakuta kisanduku cha zana kimejaa zana za fani nyingine.

Jambo lililonisaidia kuanza upya ni kuacha kuuliza "Tunu anahisi nini?" na kuuliza "Tunu anapokea nini?" Mwongozo wa utambuzi wa matatizo ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, katika toleo lake la 2013, unataja wazi miongoni mwa dalili za usonji hisi zinazopokea kupita kiasi au chini ya kiasi. Ukilielewa hilo, vigae 72 havikushangazi tena. Mkono umeshikwa, taa ya dari inavuma, mtu wa chumba cha pili anaburuta kiti, na vyote vimeingia kwa sauti moja. Kuhesabu vigae ni namna ya kuvizima vile vingine ili ubaki mkono peke yake. Yaani yule msichana wa rasimu ya kwanza hakuwa ameukimbia mkono wa Kheri. Alikuwa anaung'ang'ania. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia msomaji.

Kuhusu mguso nilijichunguza kwa wiki kadhaa, nikiandika kila kilichonigusa na kwa uzito gani. Ilikuwa kazi ya kuchekesha (kuna ukurasa mzima kuhusu shuka). Ila nilikuta kitu ambacho watu wengi wenye usonji wamekisema kabla yangu, kwamba mguso mwepesi unaudhi, mbano mzito unatuliza. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, aliona akiwa kijana jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa pande mbili ili wapewe chanjo. Akajitengenezea mashine ya kujibana mwili. Kumbatio la watu lilimlemea, lakini mashine aliiendesha mwenyewe, akaamua ibane kiasi gani na ilegee lini. Nilipolifikiria hilo nikaona kwamba uzito ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni nani ameshika usukani.

Ndipo nikaiandika upya. Hii ndiyo ilivyokuja:

"Niambie kabla," Tunu alisema. "Taja unapotaka kugusa, kisha ungoje."

"Kiganja," Kheri akasema. Akangoja.

"Haya."

Akakibana kiganja cha Tunu katikati ya viganja vyake viwili, kwa uzito uleule, bila kusogeza kidole hata kimoja. Tunu alihesabu hadi 19. Alipofika 20, bega lake la kushoto, lililokuwa limepanda tangu asubuhi hadi karibu na sikio, likashuka lenyewe.

Hakuna moyo uliodunda, hakuna jicho lililotazamwa. Nilipoimaliza nililia kidogo, jambo lisilonitokea sana.

Kazi ya Tunu ilinisumbua pia. Picha iliyozoeleka ya mtu mwenye usonji ni ya mvulana, au ya gwiji wa hesabu, au vyote viwili. Ya mvulana ina historia: Leo Kanner alipochapisha maelezo yake maarufu mwaka 1943 aliandika kuhusu watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Macho ya watu yakazoea hivyo. Hata riwaya iliyonipa ujasiri wa kuanza, The Kiss Quotient ya Helen Hoang iliyotoka 2018, ambayo mwandishi wake naye alitambuliwa kuwa na usonji akiwa mtu mzima, ina mwanamke bingwa wa takwimu za uchumi. Naipenda. Ila mimi hesabu zilinishinda shuleni, na wangu nilitaka awe fundi cherehani. Mtu anayejua kwa ncha ya kidole kama pamba imechanganywa na kitu kingine, ambaye kabla ya kuvaa nguo mpya anafumua lebo, kisha anapitisha gumba kwenye mshono wote kutafuta uzi uliochomoza. Mtu kama huyo ana elimu ya mguso kuliko mpenzi yeyote wa vitabuni. Nilichohitaji ni Kheri alitambue hilo.

Na Kheri ndiye aliyenipa taabu kuliko wote. Kwenye rasimu ya kwanza alikuwa mwalimu: mvumilivu, mpole, anajua kila kitu, anamfundisha Tunu mapenzi kama anayemfundisha mtoto kutembea. Aliniudhi sana, halafu nikagundua kwamba nimemwandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini siku zote, kwamba upungufu uko kwangu na mwenzangu ananisubiri niufidie. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili. Mwenye usonji hamsomi vizuri asiye na usonji, ni kweli, lakini na huyo naye hamsomi vizuri mwenye usonji. Nililibandika wazo hilo juu ya meza yangu. Kisha nikamtia Kheri ujinga wake. Anadhani Tunu akigeuza uso amechukia. Anadhani akitikisa mguu ana haraka ya kuondoka, kumbe mguu ukitikisika hivyo ndiyo furaha yenyewe. Ana mazoea ya kusema kwa mafumbo, "chumba hiki baridi leo," huku akitaka asogelewe, na Tunu anaondoka kwenda kufunga dirisha. Sura hiyo niliiandika kwa siku moja. Mwisho wake Kheri anakaa kitandani, peke yake, dirisha limefungwa, anajifunza kwa mara ya kwanza maishani mwake kusema sentensi nyepesi: "Nataka ukae karibu yangu."

Hadithi nyingi za mapenzi huishia harusini. Yangu ilifika harusini sura ya sita kati ya sura kumi na tisa, maana mambo yenyewe yalikuwa huko mbele, na sikutaka kuyafunika kwa nukta tatu na "asubuhi ikafika". Nilitafuta namna ya kuwapa muda. Nikaikuta kwenye kazi ya William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa Marekani, ambao katika kitabu chao cha 1970 waliwaelekeza wanandoa wenye shida ya unyumba wagusane kwa zamu, huku sehemu za siri zikiwa marufuku mwanzoni na tendo lenyewe likiwa limewekwa kando kabisa. Anayeguswa kazi yake ni kupokea tu na kusema. Zoezi hilo halikutungwa kwa ajili ya watu wenye usonji, lakini Tunu alilipenda mara moja: lina kanuni, lina zamu, na hakuna anayemngoja afike mahali fulani. Alilichora kwenye karatasi ya kukatia nguo, mbele na nyuma, kama vipimo vya gauni, akatia alama kila sehemu: hapa bana, hapa siku nyingine, hapa kamwe. Kheri akaomba na yeye achorwe. Hilo sikulipanga, lilikuja tu wakati naandika. Ikaonekana na yeye ana "hapa kamwe" yake, nyuma ya goti, ambayo hakuwahi kuulizwa.

Sasa niseme kuhusu sentensi moja iliyonitia aibu. Kwenye rasimu ya kwanza niliandika: "Tunu hakusema neno, na kimya chake kikawa jibu." Niliiandika bila kufikiri, kama nilivyowahi kuiandika kwenye hadithi nyingine nne. Kunyamaza ni kukubali, si ndivyo tunavyosema? Ila mimi nikizidiwa, sauti hukatika. Maneno nayaona kichwani yamepangwa vizuri kabisa, mdomo hauyatoi. Ningekuwa kwenye hadithi yangu mwenyewe, kimya changu kingehesabiwa ndiyo. Niliisoma sentensi hiyo kwa siku mbili kabla sijaifuta, halafu nikaenda kutafuta zile hadithi nne.

Tunu alihitaji njia ya kusema bila mdomo. Nikampa vipande viwili vya kitambaa chini ya mto: cha pamba nzito maana yake endelea, cha nailoni maana yake acha, kwa sababu nailoni anaichukia. Asipotoa chochote, acha vilevile. Nilijiona mwerevu. Mswada niliwapa wanawake wawili wenye usonji wausome, na mmoja akanirudishia na neno moja tu pembeni ya ukurasa huo, kwa wino mwekundu: "Kweli?" Nilipompigia akasema, "Mtu amezidiwa, hawezi hata kusema, wewe unampa nailoni aishike?" Nilibadilisha usiku huohuo. Pamba ikawa acha, ikawekwa karibu zaidi na mkono.

Yule wa pili alisema yeye ni kinyume cha Tunu kabisa. Mbano humkaba, mguso mwepesi ndio raha yake, na akaniomba wasomaji wasije wakadhani sote tumeshonwa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo kwenye sura ya kumi kuna mteja anayekuja kushonewa nguo pana isiyogusa mwili popote, na Tunu anamshangaa, na mteja anamshangaa Tunu. Ni mistari michache, lakini naipenda.

Na mhariri, mtu mwema, aliniomba kitu kimoja tu: ukurasa wa mwisho Tunu amtazame Kheri machoni. "Msomaji amesafiri na wewe safari yote hii," alisema, "mpe zawadi." Nilimwelewa. Nilijaribu kuuandika mara tatu, na kila mara Tunu aligeuka kuwa mtu aliyepona ugonjwa ambao hakuwa nao. Nikakataa. Wanamaliza kitabu wamekaa ubavu kwa ubavu, yeye anapinda pindo la suruali ya Kheri, Kheri anamsomea vipimo, na mguu wa Tunu unatikisika. Atakayekuwa amesoma sura zilizotangulia anajua mguu huo unasema nini.

Dada nilimpa mswada wa mwisho akasome mwenyewe, maana kicheko kile sikutaka kukisikia mara ya pili. Akakaa nao siku kumi. Alipokuja aliuweka mezani, akasimama karibu yangu mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Kwa kawaida yeye ni mtu wa kukumbatia, hukumbatia kabla hajafika mlangoni, na hupigapiga mgongo kwa vidole, tap tap tap, tangu tukiwa watoto.

"Zile tap tap zangu," akasema. "Zinakuudhi?"

"Sana, dada."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akavuta pumzi. "Mabega," akasema, akangoja.

"Haya," nikasema. "Bana zaidi. Zaidi kidogo. Hapohapo."