Malori ya Segera
Juzi nimekaa Segera nasubiri basi nikaanza kuhesabu malori, ya saruji kutoka Tanga mjini, ya machungwa ya Muheza, makontena ya bandarini, yote yanafika njia panda ileile, kushoto Chalinze kulia Korogwe. Sasa kuna lile jedwali la mwanauchumi Leontief (jamaa alipata Nobel 1973), linakuonyesha kwenye uchumi mzima sekta gani inanunua kwa nani, saruji inakula mawe, umeme, dizeli, poa kabisa, ila lenyewe barabara halizijui! Ndo maana inabidi uliunganishe na modeli ya malori, yaani hesabu ya mzigo gani unapita barabara gani, kwani daraja likikatika machungwa yanaozea shambani, saruji inapanda bei huko iendako, na mama ntilie wa Segera wali wake unalala. Huyo ndo kila mtu anamsahau kwenye hesabu.