Magugu kwenye nyasi za uwanja, bila dawa iliyopigwa marufuku (Ontario, Kanada)

Kila majira ya kuchipua uwanja wetu ulijaa madoa matupu, na kila doa likawa makao ya maua ya njano ya dandelioni. Hapa Ontario, tangu Aprili 2009, 2,4-D (dawa ya kuua magugu) na dawa nyingine kama hiyo haziruhusiwi kwa urembo wa bustani, na naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote: watoto hucheza kwenye nyasi hizohizo.

Nilijaribu siki, ikaunguza magugu pamoja na nyasi. Dawa ya magugu yenye madini ya chuma, ambayo inaruhusiwa, ilikausha majani vizuri, lakini mizizi mirefu ikachipua tena.

Kilichofaulu ni kupanda upya mwishoni mwa Agosti, udongo ukiwa bado na joto na magugu mengi yamepunguza kasi ya kuota. Kwanza nilikata nyasi zikawa fupi sana, mara hiyo moja tu. Kisha nikakwaruza kwa reki ya chuma mpaka udongo wenyewe uonekane. Hapo ndipo penye siri: mbegu iliyokaa juu ya nyasi kavu haioti, sharti iguse udongo. Nikamwaga mbegu, nikafunika kwa mboji nyembamba, nikakanyagakanyaga, na kunyunyiza maji kidogokidogo kila siku hadi zilipoota.

Sasa mashine ya kukatia nyasi nimeiweka iziache na urefu wa sentimita 8. Nyasi ndefu hutia kivuli, na mbegu za magugu hukosa mwanga. Dandelioni chache zilizobaki nazing'oa kwa mkono baada ya mvua, mzizi mzima.